Aliyeipinga Ripoti Yake Mwenyewe: Pelagia Asekenye Okwi, 1967–2025

Baba Paroko, wazee wa ukoo, wageni wetu mliovuka mpaka asubuhi hii, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na waombolezaji wote mlioketi hapa Moding leo, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, familia ya Mwalimu Matthew Okwi inawashukuru kwa kuja, na inaomba masikio yenu kwa muda, iwasomee maisha ya mama ambaye wengi wenu mmekunywa matunda ya kazi yake bila kujua kwamba ni yake.

Marehemu Pelagia Asekenye alizaliwa tarehe 9 Septemba 1967, nyumbani, kwenye mteremko wa Moding unaoshukia mpakani, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Ochom, mkulima wa pamba na wimbi, na Mama Atyang, ambaye yuko nasi hapa mbele akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Mama Atyang alizaliwa ng'ambo, upande wa Tororo, akaolewa huku, na kwa hiyo Asekenye alikua akiwa na wajomba katika nchi moja na baba wadogo katika nchi nyingine, na hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo mpaka alipokwenda shule akaonyeshwa ramani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975 katika Shule ya Msingi ya Moding. Mwaka 1978, alipokuwa darasa la nne, mashine ya kuchimba kisima ilikuja karibu na shule, naye akatoroka somo la hesabu kwenda kuitazama, na mwalimu alipomkamata alimsimamisha mbele ya darasa aeleze alichokuwa akifanya huko. Alieleza kwamba yameshushwa mabomba kumi na manane, kila moja mita tatu, kwa hiyo ni mita hamsini na nne, na kwamba tope lilibadilika rangi kwenye bomba la kumi na nne. Mwalimu akamwambia akae, na adhabu haikutolewa. Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981, akajiunga na shule ya bweni ya wasichana karibu na Bungoma, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1985, akafundisha kwa mwaka mmoja bila cheti, kisha kati ya mwaka 1987 na 1989 akasomea ufundi wa maji katika chuo kimoja jijini Nairobi, ambako darasani walikuwa wanawake wawili kati ya wanafunzi thelathini na mmoja.

Aliajiriwa tarehe 2 Aprili 1990 akiwa fundi wa maji daraja la chini, akapangiwa Kitale, na tarehe 1 Julai 1996 akahamishiwa Busia, ambako alifanya kazi mpaka mwisho wa maisha yake. Kazi yake ilikuwa kupima kina cha maji visimani kwa utepe mrefu unaozungushwa kwenye gurudumu, wenye kengele inayolia ncha inapogusa maji. Mawakala wa forodha pale Busia walipomwona mara ya kwanza ameinama juu ya shimo na utepe ule, walimuuliza kama sasa serikali imeanza kutoza mashimo ushuru, naye akawajibu kwamba bado, lakini majina yao ameshayaandika.

Alifunga ndoa na Mwalimu Matthew Okwi, wa hapahapa Moding, tarehe 19 Desemba 1992 kanisani, baada ya wazee wa pande zote mbili kukamilisha mambo ya kimila mwezi Agosti mwaka huohuo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Collins aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1993, Akwii aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1996, na Levis aliyezaliwa tarehe 17 Januari 2001, pamoja na wajukuu wanne. Mwalimu Okwi ameomba isemwe hapa kwamba kwa miaka thelathini na miwili hajawahi kushinda mabishano yoyote yaliyohusu namba.

Kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo ilianza Januari 2009, pale ofisi za maji za pande zote mbili za mpaka zilipotaka jibu la swali moja, yaani kama maji yaliyo ndani ya mwamba chini ya Moding na Malaba ndiyo hayohayo yaliyo chini ya vijiji vya ng'ambo, au kama kila nchi ina yake. Swali hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu kama maji ni hayohayo, anayevuta kwa nguvu huku anampunguzia wa kule, na kama ni maji mawili tofauti, kila upande unaweza kuchimba upendavyo. Upande wa Kenya kazi alipewa Asekenye, upande wa Uganda akapewa Bwana Oriokot, ambaye yuko nasi leo, na kati yao walikuwa na visima kumi na kimoja vya pampu za mkono, saba vya huku na vinne vya kule.

Asekenye ndiye aliyechagua siku ya kupima. Alisema ipimwe Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu watu wa hapa huteka maji ya Jumapili jioni ya Jumamosi, na hakuna anayegusa pampu mpaka misa iishe, kwa hiyo maji yanakuwa yametulia na namba inakuwa safi. Oriokot, ambaye ni Mwanglikana, alimwambia kwamba Wakatoliki watakuja kuhukumiwa kwa kupima maji badala ya kusali, lakini alikubali. Walifanya hivyo mara sabini na saba, bila kukosa hata moja, mvua na jua, na kila mara namba za huku zilikaa mahali pake na za kule zikakaa mahali pake, wala hakuna kisima kilichoonyesha dalili ya kumjua mwenzake. Tarehe 12 Juni 2015 Asekenye alitia sahihi ripoti ya kurasa arobaini na mbili iliyosema kwamba maji ya pande hizo mbili hayahusiani.

Ripoti hiyo ilipokewa vizuri, ikanukuliwa mikutanoni, na mwaka 2016 ukaandaliwa juu yake mpango wa kuchimba visima vitano virefu vya mitambo kwenye ukingo wa Malaba, kwa ajili ya maegesho ya malori na mji unaokua. Kazi ya kuchimba ilipangwa kuanza Juni 2017. Jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, na ofisini ilikuwa inajulikana kwamba cheo cha mkuu wa kitengo cha vipimo kikitangazwa, kitakuwa chake.

Tarehe 7 Februari 2017 alifariki mjomba wake, Mzee Ekisa, ng'ambo, mita elfu moja na mia nne, ukipima moja kwa moja, kutoka kisima cha Mama Atyang, kimoja kati ya vile saba vya huku. Mzee Ekisa alikuwa katekista kwa miaka arobaini, na waliokuja kumzika walizidi elfu mbili, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa jirani na kisima cha soko chenye pampu ya dizeli, vijana waliiwasha Jumatano asubuhi na hawakuizima mpaka Jumamosi jioni, wakivuta maji ya kupikia, ya kunywesha ng'ombe waliotolewa na ukoo, na ya kuchanganyia saruji ya kaburi. Asekenye alikuwa huko siku zote nne, akisimamia masufuria.

Jumapili tarehe 12 alivuka kurudi, akapitia hapa kumjulia hali mama yake, ambaye alikuwa ametangulia kurudi siku ya pili ya matanga kwa sababu ya magoti. Mama Atyang alikuwa amekasirika. Alisema pampu ya nyumbani imekuwa ikikohoa hewa tangu Alhamisi, kwamba mtu anasukuma mpaka mkono unakufa ndipo anapata nusu ndoo, na akamwambia binti yake maneno ambayo familia hii inayakumbuka mpaka leo.

"Si wewe ndio mtu wa maji? Hebu niambie. Nyinyi mmekunywa maji yangu yote huko kwa matanga?"

Watu waliokuwa pale walicheka, na Asekenye alicheka pamoja nao. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akatoa utepe, akafungua kisima akiwa bado na nguo za msiba, na alipousikia utepe ukilia alisoma namba, akaushusha tena, akaisoma mara ya pili. Maji yalikuwa yameshuka mita moja na sentimita kumi na nne kutoka mahali yalipokuwa Januari, kwa kuwa hakuwa ameacha kukipima kisima hicho hata baada ya ripoti. Hakuondoka. Aliomba kitanda, akalala kwa mama yake siku tatu, na kufikia Jumatano maji yalikuwa yamerudi mahali pake, bila tone la mvua.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya kwa miaka sita. Kisima kinamvuta mwenzake pale tu mtu anapoteka, na yeye, kwa kutaka namba safi, alikuwa amechagua saa moja katika wiki nzima ambayo hakuna anayeteka, si huku wala si kule. Ukipima watu wawili wakiwa wamelala huwezi kujua kama wanajuana. Umakini wake mwenyewe ndio uliokuwa umemficha jibu.

Jumatatu iliyofuata aliingia kwa mkuu wake, Bwana Obuya, akafunga mlango, akamweleza yote. Bwana Obuya ametupa ruhusa kuyasema haya, na ameongeza kwamba hakujivunia jibu lake la siku hiyo. Alimwambia ripoti imeshakwenda, wakubwa wameijengea mpango, na akiirudisha sasa watu watasema Busia hawajui kupima.

"Wakisema hivyo watakuwa wamesema ukweli, boss," Asekenye alimjibu. "Tulipima siku ambayo hakuna mtu anateka. Hivyo visima vitano vikichimbwa, mama yangu atakuwa wa kwanza kukauka, lakini hatakuwa wa mwisho."

Bwana Obuya alimuuliza kama anajua kwamba anajiondolea cheo kwa mkono wake. Alisema anajua. Akamwomba vitu viwili tu, siku tatu za majaribio, na barua ya kumruhusu Oriokot kuwasha pampu ya soko ng'ambo huku yeye akipima hapa Moding, safari hii katikati ya wiki.

Barua ilipatikana, lakini watu wa ng'ambo hawakukubali upesi. Katika baraza lililoitwa tarehe 4 Machi, mama mmoja mfanyabiashara alisimama akauliza kama Wakenya, baada ya kuwauzia kila kitu mpaka chumvi, sasa wanataka kuwahesabia maji mpaka chini ya ardhi. Watu walipiga makofi. Asekenye alijibu kwa Kiteso, na hakuzungumza juu ya mikataba wala juu ya nchi, aliwaambia tu kwamba amekuja kwa sababu alikosea, kwamba kosa lake likiachwa litakausha pampu za kwao na za kwa mama yake kwa pamoja, na kwamba anahitaji msaada wao ili alithibitishe. Mama yule akasema kwamba hajawahi kuona mtu wa ofisi akipanda boda boda kuja kukiri kosa, na kwa sababu hiyo peke yake apewe hiyo pampu. Vijana wa soko walichimba mtaro wa mita mia tatu bila kulipwa, ili maji yanayovutwa yapelekwe mbali kwa wafyatua matofali, yasinywee tena palepale na kuharibu jaribio.

Pampu iliwashwa Jumanne tarehe 14 Machi 2017, saa mbili kamili asubuhi. Hapa Moding Asekenye aliketi kwenye kigoda kando ya kisima, akashusha utepe kila baada ya dakika ishirini, na kwa saa tano hakuna kilichotokea. Bwana Obuya, aliyekuwa amekuja kwa gari la ofisi akiwa na nia ya kuondoka mapema, alitazama saa mara nyingi. Saa nane kasoro dakika ishirini namba ilishuka sentimita moja. Kisha mbili. Kisha nne. Bwana Obuya alivua koti, akashika utepe yeye mwenyewe, akasikiliza ukilia, akasoma, kisha akamgeukia Asekenye akamwambia, "Andika, mama," na hakuondoka siku hiyo. Kufikia Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yameshuka mita moja na sentimita ishirini na mbili, pampu ya ng'ambo ikazimwa, nayo yakaanza kupanda. Walirudia jaribio mwezi Aprili kabla mvua hazijashika, matokeo yakawa yaleyale, na Mama Atyang, alipoambiwa kwamba imethibitishwa kuwa kweli walikunywa maji yake kwenye matanga, alisema yeye alikuwa ameshamaliza utafiti huo Februari.

Tarehe 9 Mei 2017, mbele ya wahandisi wa nchi zote mbili waliokutana Busia, Asekenye alisimama bila kuitwa, akashika ripoti yake, akasema, "Hii ripoti ya mwaka 2015 ni yangu, na si sahihi. Naomba niwaonyeshe nilikosea wapi." Aliongea kwa dakika hamsini. Mhandisi mmoja alijaribu kumsaidia kwa kusema kwamba huenda vifaa vilikuwa na hitilafu, naye akamshukuru akasema vifaa vilikuwa vizima, aliyekosea ni mpimaji.

Mpango wa visima vitano ulisimamishwa siku hiyohiyo. Vilichimbwa viwili tu, tena kwenye mteremko mwingine usiounganika na mwamba wa hapa, na tarehe 23 Februari 2018 pande zote mbili zilitia sahihi makubaliano ya kupima kwa pamoja, Jumapili maji yakiwa yametulia na Jumatano, siku ya soko, yakiwa yanavutwa, na kupeana namba kabla ya yeyote kuchimba. Tangu siku hiyo hakuna hata pampu moja kati ya zile kumi na moja iliyokauka, hata katika kiangazi cha mwanzo wa mwaka 2022. Cheo hakikuja mwaka 2017. Kilikuja tarehe 1 Agosti 2019, na aliyeandika barua ya kumpendekeza alikuwa Bwana Obuya. Baada ya hapo aliitwa kufundisha wapimaji wa maeneo mengine ya mpakani, na kila darasa alilianza kwa kuwapa wanafunzi kurasa zile arobaini na mbili, akiwataka watafute kosa, na hakuwaambia ni nani aliyeziandika mpaka walipolipata.

Marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya mgongo na tumbo mwezi Septemba 2024. Tarehe 3 Oktoba alilazwa katika hospitali ya misheni ya Nangina, akapelekwa Eldoret kwa uchunguzi zaidi, ambako ilibainika kwamba ana saratani ya kongosho, na alianza matibabu tarehe 11 Novemba. Alipoambiwa na daktari muda uliobaki kwa makadirio, aliuliza makadirio hayo yamepimwa vipi na kwa wagonjwa wangapi, na daktari, baada ya kumjibu, alisema ni mara ya kwanza kuulizwa.

Jambo lililomkosesha utulivu katika miezi hiyo halikuwa ugonjwa. Makubaliano ya mwaka 2018 yalikuwa ya miaka saba, yalikuwa yanaisha, na lilikuwa limeletwa pendekezo la kuchimba kisima cha tatu, safari hii juu ya mwamba uleule wa Moding. Aliwaambia watoto wake kwamba kama kazi inamhitaji yeye ndipo isimame, basi hakuijenga vizuri. Mwezi Machi 2025 kikosi cha watu tisa, watano wa huku na wanne wa kule, kilifanya majaribio ya siku tatu bila yeye, kisha Oriokot akavuka na daftari zote mbili mpaka nyumbani kwake Busia, akamwekea kitandani. Asekenye alizisoma kwa saa mbili. Aliweka kidole kwenye safu ya siku ya pili, akasema hapa maji yamepanda sentimita tatu wakati mmeandika pampu inafanya kazi, na maji hayapandi kwa adabu, kwa hiyo nendeni mkaulize. Walikwenda wakauliza, na mwendesha pampu akakiri kwamba dizeli ilimwishia, akazima kwa dakika hamsini, akaona haya kusema. Ilisahihishwa, namba za pande zote mbili zikakubaliana, na kisima cha tatu kikakataliwa.

Makubaliano mapya, ya miaka kumi, yalitiwa sahihi Busia siku ya Ijumaa tarehe 30 Mei 2025. Kwenye karatasi hiyo kuna sahihi za wapimaji tisa na hakuna ya Asekenye, na aliyetaka iwe hivyo ni yeye mwenyewe. Alisomewa kifungu kwa kifungu na binti yake Akwii, akauliza kama Jumatano imebaki, akaambiwa imebaki, akaomba uji. Siku kumi na moja baadaye, Jumanne tarehe 10 Juni, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, aliaga dunia nyumbani Busia, akiwa na mumewe na watoto wake wote watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nangina na wa Eldoret, waliomtibu na kuyajibu maswali yake yote, inawashukuru majirani wa Busia waliopika na kulala nasi tangu siku ile, wafanyakazi wenzake wa pande zote mbili za mpaka, Bwana Obuya, Bwana Oriokot na kikosi chake, Baba Paroko na jumuiya ndogondogo, na vijana wa soko la ng'ambo waliochimba mtaro mwaka 2017, ambao jana, bila kuombwa, ndio waliochimba kaburi hili. Kama kuna tuliyemsahau, atusamehe, moyo wetu haukumsahau.

Pumzika sasa, Pelagia Asekenye, amani iwe nawe. Kazi uliyotaka iendelee bila wewe inaendelea.